Kioo ni Kioo

8/6, Jumapili. Kasongo.

Idi ya kuchinja imekwisha, wageni wameondoka, na ua wangu umerudi kuwa wangu. Naandika hapa kwa sababu mjini humu hakuna mtu wa kuzungumza naye, na sisemi hivyo kwa kumwonea mtu. Juzi jioni nilimwonyesha jirani kundi la Nge, mkia umejipinda juu ya paa la duka langu, nyota nyekundu kifuani. Akatazama. "Kweli, Papa Nourdine, Mungu iko mukubwa." Halafu akaniuliza kama mnyororo wa moto yake, ile pikipiki yake, umefika dukani kwangu. Basi, hao ndio watu nilionao.

Kiangazi hiki nina shughuli moja. Tarehe 7 mwezi wa tisa mwezi utapatwa, wote mzima, mapema jioni, kabla hata watoto hawajalala. Siku hiyo nataka darubini ya kweli isimame hapa uani. Jumeli yangu ya zamani, ile darubini ndogo ya macho mawili, jicho moja limeingia ukungu, na miaka yote nimetazama mbingu kama chongo.

15/6, Jumapili.

Ayoubu, mwanangu, yuko Kalemie, bandarini. Ananitumia picha za darubini kwenye simu. Moyo anao, macho hana. Ya kwanza: bomba jembamba jeupe, kwenye sanduku wameandika "mara 675". Nimemjibu: mwanangu, darubini hainunuliwi kwa namba ya kukuza, inanunuliwa kwa upana. Kioo kipana kinakusanya mwanga mwingi, chembamba kinakusanya kidogo. Ukikuza mwanga kidogo mara 675 unapata giza, tena kubwa.

Akajibu: "Sawa papa, lakini hii iko na rangi nzuri."

21/6, Jumamosi.

Moshi. Wameanza kuchoma mashamba.

1/7, Jumanne.

Nimeamua. Ya kioo cha kurudisha mwanga, upana wa shibiri moja kamili, bomba peke yake bila miguu. Miguu ya dukani ni chuma chembamba, ukipiga chafya nyota zinacheza. Nitatengeneza mwenyewe sanduku la mbao ngumu, likae chini kabisa, lizunguke juu ya gololi za usukani wa moto. Gololi ninazo dukani, za kutosha kuzungusha hata msikiti.

Nimemweleza Feza, mke wangu. Alikuwa anachuja maji ya majivu kwenye chungu chake chenye matundu, yale anayopikia sabuni na mafuta ya mawese. Bila kuinua kichwa akasema, "Kwa hiyo hiyo bomba itakaa chini kama kinu?"

Kama kinu! Nikaondoka.

4/7, Ijumaa.

Shemeji Abdoul amefika kutoka Salamabila. Huyu ni mdogo wake Feza, mnunuzi wa dhahabu, mtu wa miwani nyeusi hata ndani ya nyumba. Na amekuja na nini? Bomba jeupe. Mara 675. Alisikia habari zangu kwa Ayoubu, akatangulia kununua ili anipite.

"Shemeji, yangu inakuza mara mia sita na sabini na tano. Yako je?"

Nikamwambia yangu bado haijafika. Akanipiga begani, akanipa pole.

5/7, Jumamosi.

Leo nimecheka, na mimi sicheki ovyo. Bomba la Abdoul lina miguu ya kifahari, ile ya kufuata nyota zinavyozunguka. Mhimili wake lazima uelekee ncha ya anga. Kwa Wazungu ncha hiyo iko juu, kwa hiyo mhimili unasimama mshazari, safi. Sisi tuko karibu na ikweta. Ncha yetu imelala chini kwenye majani, na mhimili wetu unatakiwa ulale karibu kama mtu aliyelewa. Ile skrubu haifiki huko! Abdoul aliisukuma, akaisukuma, mwisho lile jiwe la kusawazisha likagonga mguu mmoja, bomba likageuka likamtazama yeye mwenyewe.

"Iko na kasoro ya kiwanda," akasema.

Kasoro ya kiwanda! Amekwenda kulisimamisha barazani, wanatazama nalo paa la kanisa. Watu wamepanga foleni kuona mabati ambayo wangeyaona kwa kutembea dakika tano.

Kabla hajaondoka alimwambia Feza, mbele ya wageni, "Yaya, dada yangu, bado unanuka majivu tu? Bwana anatazama nyota, wewe unatazama sufuria." Wote wakacheka. Feza naye alicheka, lakini aliingia ndani haraka.

13/7, Jumapili.

Moshi.

20/7, Jumapili.

Moshi. Jua linazama jekundu kama jicho la mgonjwa. Mke wa jirani ananiambia ni uzuri wa Mungu. Mama, hayo ni mashamba ya mihogo yanaungua.

26/7, Jumamosi.

Jean-Pierre, mtangazaji wa redio ya hapa, amekuja dukani kununua balbu ya taa ya moto. Nikafanya kosa la kumtajia kupatwa kwa mwezi. Kumbe alikuwa hajui! Mtangazaji! Akawasha kinasa sauti pale pale juu ya kaunta. Akaniuliza kama ni kweli mwezi unaliwa na nyoka, au hiyo iko hadithi ya Kizimba tu, ya kabila moja la huku. Nikamweleza kivuli cha dunia mara tatu, polepole, kama mtu anayelisha mtoto uji.

Jioni nimejisikia redioni: "Mwalimu wa nyota, Papa Nourdine, anawaalika wote uani kwake tarehe saba, waone mwezi kwa darubini kubwa kuliko zote za Maniema yote."

Sikumwalika mtu yeyote. Lakini nimeshatajwa kwa jina, na sasa mtu akipita dukani ananiita mwalimu. Wacha waje. Angalau siku moja katika maisha yao watazame kitu kwa akili.

9/8, Jumamosi.

IMEFIKA. Pitchou, dereva wa moto, ameileta kwa njia ya Kabambare. Nilimwagiza: usiilaze, usiigonge, usiifungue. Naye kweli hakuifungua. Alichofanya, kutoka Wamaza alimpakia mama mmoja na kuku wake, akamkalisha juu ya boksi. "Ilikuwa imara, Papa. Mama mwenyewe alisema iko imara."

Nimefungua boksi taratibu. Kioo kizima. Mungu hulinda hata vitu vinavyokabidhiwa kwa Pitchou. Nimetumia mchana wote kurekebisha skrubu tatu za nyuma hadi kikatazama sawa.

12/8, Jumanne.

Baada ya swala ya alfajiri, sayari Zuhura na Mshtarii pamoja, karibu kugusana, upande wa mashariki. Mshtarii na miezi yake minne imejipanga kama vitone. Kwa dakika chache nilisahau kumdharau mtu yeyote.

Halafu waumini wakatoka msikitini. "Unatafuta ndege, mwalimu?"

18/8, Jumatatu.

Jioni, upande wa kusini-magharibi, lile fungu kubwa la nyota katika kundi la Kantauri. Kwa jumeli lilikuwa doa. Kwa kioo hiki ni sukari iliyomwagika kwenye kitambaa cheusi. Nikamwita Feza. Akaja na mikono yake ya sabuni, akainama, akatazama.

"Zote hizo ni nyota?"

"Zote."

"Na kila moja iko peke yake?"

Swali gani hilo? Nikamwambia atoke, anapulizia mvuke kwenye lenzi.

23/8, Jumamosi.

Vumbi la barabara na majivu ya mashamba vimeingia ndani ya bomba. Nikimulika tochi naona kioo kimevaa utando wa kijivu. Kila siku unazidi. Nimelalamika asubuhi, mchana, jioni. Katika nyumba hii kuna watu wa kula tu, hakuna hata mmoja wa kunisaidia.

Feza akauliza, "Nikuoshee?"

"Acha."

"Lakini hii kioo, dawa yake ya kung'aa iko nyuma kama ile ya chumbani? Inatofautiana namna gani?"

Nilikuwa na skrubu mdomoni na tochi kwapani. Nikamwambia, "Kioo ni kioo, Feza. Niache nifanye kazi."

Akaniacha.

28/8, Alhamisi.

Kesho naenda Nyangwe, kuna mtu wa pirogi, mtumbwi wa mtoni, anataka vipuri vya injini. Usiku mbili tu. Nikirudi nitakiosha mwenyewe, maji yaliyochemshwa, pamba, bila kusugua. Nimekiondoa tayari kwenye bomba, nimekiweka juu ya meza ndani ya kitambaa.

31/8, Jumapili.

Nimekaa kuanzia adhuhuri sijui niandike nini. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nimerudi kutoka Nyangwe, miguu imejaa vumbi. Feza amenisubiri mlangoni, amevaa kitenge kizuri. Amenipokea mzigo. Akanipeleka mezani bila hata kunipa maji, akafunua kitambaa na kusema, "Tazama namna inaonekana safi."

Nikatazama. Niliona kitambaa cha mezani. Nilikiona kwa kupitia kioo, maua yake mekundu, yote, mpaka uzi uliofumuka. Kioo changu kilikuwa kipande cha kioo. Kama kitako cha chupa.

"Umeoshea nini?"

"Maji ya majivu. Ile hafifu, ya mchujo wa pili, ile haiumi hata vidole. Nikaona uchafu inatoka, inatoka vizuri, kama utando wa maziwa. Nikafurahi."

Huo uchafu ndio ulikuwa kioo! Utando wa kung'aa mwembamba kuliko pumzi, na kwenye darubini uko mbele, juu, wazi, sio nyuma kama kwenye vioo vya kuchania nywele. Maji ya majivu yanaula kama chumvi inavyoyeyuka mvuani. Nimepiga kelele. Nimesema maneno ambayo sitayaandika. Nimemwambia hata Pitchou na kuku wake walikuwa na akili zaidi. Jirani alitoka nje kusikiliza, na sikujali.

Feza alikuwa anakunja kile kitambaa. Niliponyamaza kuvuta pumzi akasema, sauti ndogo: "Nilikuuliza dawa iko wapi. Ulisema kioo ni kioo."

Akaingia jikoni. Sikula.

1/9, Jumatatu.

Nilikuwa nimesema hivyo kweli. Skrubu ilikuwa mdomoni.

2/9, Jumanne.

Ayoubu anasema kioo kingine kitapatikana, labda mwezi wa kumi na moja. Kupatwa ni Jumapili. Redio inatangaza kila jioni baada ya taarifa za misiba. Muuza nyama ameniuliza kama aje na benchi lake.

Feza ananiwekea chakula, anasema "karibu", anakwenda. Hajawasha moto wa sabuni kwa siku tatu. Vyungu vyake vimekaa vikavu ukutani.

3/9, Jumatano.

Kwa ujeuri tu nimerudisha kioo kitupu ndani ya bomba, nikaelekeza mwezini. Na nimeuona! Kioo bila dawa bado kinarudisha mwanga kidogo sana, na mwezi una mwanga wa kutupa. Ulikuwa mtulivu, mabonde na vilima vyote, bila ule mng'ao unaochoma jicho. Ukweli lazima niuseme, ulikuwa mzuri kuliko awali.

Lakini siku ya kupatwa mwezi utakapoingia kivulini wote, utabaki mwekundu hafifu tu. Kwa macho utaonekana. Kwa kioo hiki utazimika kama kibatari. Yaani darubini yangu itafanya kazi mpaka pale hasa nilipowaalikia watu.

5/9, Ijumaa.

Maulidi. Mji umejaa, dufu tangu asubuhi, pilau kila ua. Abdoul amekuja na jamaa zake wa Salamabila, amebeba bomba lake tena. Amekwisha kumuuliza dada yake, "Yaya, kwa nini huna hata kipande cha sabuni ya kutuuzia?" Feza akajibu kwamba majivu yamekwisha. Kiangazi, mashamba yote yameungua, na majivu yamekwisha!

Usiku amenijia mlangoni mwa chumba. "Baba Ayoubu, Jumapili wakiuliza, nitasema mbele ya watu ni mimi. Wewe jina yako isiharibike."

Namjua Abdoul. Hadithi hiyo ataibeba mpaka Salamabila, ataisimulia kila shimo la dhahabu, kila harusi, kila matanga. Feza atazeeka nayo.

Na mimi je? Nimengoja miaka yote watu hawa waniite mwalimu.

6/9, Jumamosi.

Tangu mwezi wa sita nimelaani moshi na mawingu. Leo nimeomba mvua. Nimekaa kwenye msala nimeomba wingu zito, jeusi, likae juu ya Kasongo mpaka Jumatatu. Alasiri imenyesha! Mvua ya kwanza, kubwa, mabati yote yakapiga kelele. Nikasema alhamdulillahi, nimeokoka.

7/9, Jumapili.

Mvua ilikuwa imeosha mbingu tu. Moshi wa miezi mitatu umeondoka. Sijaona anga safi hivi tangu nizaliwe.

Walianza kuja kabla ya magharibi. Muuza nyama na benchi lake. Masista wawili. Akina mama wa soko, watoto mgongoni. Jean-Pierre na kinasa sauti. Pitchou akiwaeleza watu kwamba darubini aliileta yeye, mkononi, kama yai. Abdoul akasimamisha bomba lake jeupe pembeni ya langu, jiwe likagonga mguu, akasema upepo.

Mwezi ulitoka mpana juu ya michikichi. Nikauingiza kwenye bomba, wakapanga mstari, na niseme kweli, wakaacha kusukumana. Muuza nyama alitazama akasahau kuondoka. Mama mmoja mzee alisema, "Kumbe iko na makovu sawa na sisi." Wakaniita mwalimu, mwalimu, kutoka kila upande. Wengi wao hawajui jua linalala wapi, lakini leo nilitamani waendelee. Kivuli kikaanza kuuma ukingo. Sheikh akaongoza swala ya kupatwa palepale uani, kwa wenye udhu, na masista wakasimama wakingoja.

Feza alikuwa mlangoni mwa jiko. Alikuwa anatazama bomba, hakutazama mwezi.

Mwezi ukaliwa wote. Uani kote watu wakapiga yowe, kwa sababu juu ulikuwa umegeuka mwekundu, wa shaba, umening'inia mzima. Zamu ya kutazama ilikuwa ya Abdoul. Akavua miwani. Akainama. Akainuka, akatazama juu, akainama tena.

"Shemeji, humu hamuna kitu. Mwezi iko juu, humu iko giza tupu."

"Ni hafifu," nikasema.

Lakini Abdoul anapima dhahabu, haamini mtu. Akawasha tochi ya simu, akamulika ndani ya bomba mpaka chini. "Mbona ninaona skrubu za nyuma? Hii kioo haina dawa! Imesuguliwa!" Akanusa. Haki ya Mungu, alinusa. Halafu akageuka, na nikaona jinsi alivyogeuka, polepole, anaanza kucheka kabla hajapata neno. "Majivu. Nani katika nyumba hii anajua majivu? Nani aliosha hii kioo?"

Jean-Pierre akasogeza kinasa sauti. Feza akapiga hatua moja kutoka jikoni, akafuta mikono kwenye kitenge, mikono iliyokuwa mikavu. Akafungua mdomo.

"Mimi," nikasema.

"Wewe?"

"Mimi. Kilikuwa kimechafuka. Nikachukua maji ya majivu ya mke wangu bila kumuuliza, nikasugua. Nilidhani dawa iko nyuma."

"Wewe, mwalimu wa nyota?"

"Mimi, mwalimu wa nyota."

Walicheka. Muuza nyama alicheka mpaka akakaa kwenye benchi lake. Pitchou, Pitchou! alijipiga mapaja. Masista walijifunika mdomo. Abdoul alilia machozi, akaniegemea, akasema ndiyo maana elimu peke yake haitoshi, kioo ya darubini kuoshwa sawa na sufuria. Nikasimama katikati yao, nikawatazama mmoja mmoja, mapumbavu matupu, na juu yao ule mwezi mwekundu ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa akiutazama tena.

Mmoja alikuwa anautazama. Feza alikuwa ameinua uso, na ulikuwa umelowa.

8/9, Jumatatu.

Redioni asubuhi, sauti yangu: "Nilidhani dawa iko nyuma." Wamerudia mara mbili, na muziki. Watoto wananiita Papa Majivu. Mteja mmoja ameuliza kama nauza sabuni.

Feza amezima redio. Halafu amewasha moto wa sabuni.

9/9, Jumanne.

Mvua. Ayoubu ameandika kwamba kioo kipya kimepatikana, atakituma kwa mkono wa Pitchou mwezi wa kumi na moja. Nimemwambia: bila mama, bila kuku.

Jioni Feza alikuwa anamimina sabuni kwenye vibao, mimi nimekaa karibu na moto kwa sababu nje kulikuwa na baridi. Hakunitazama. Akauliza, kama mtu anayeuliza kwa mara ya kwanza:

"Baba Ayoubu, hiyo kioo yenye itakuja, dawa yake itakuwa upande gani?"

Nikachukua kioo kitupu, nikakiweka magotini mwake, nikamshika kidole chake chenye sabuni nikakipitisha juu, pale ulipokuwa utando.

"Mbele," nikamwambia. "Hapa."